Uso Hauna Spea

Ampaya hakuhitaji kipenga. Katika softboli mwamuzi huanzisha mchezo kwa mdomo, anasema "Play!" basi, na yeye alipolitamka neno hilo, wanawake waliokuwa wakianika pojo ng'ambo ya uwanja waligeuka kuangalia ni nani aliyeitwa. Alisimama nyuma ya mdakaji, miguu kaipanua, barakoa ya chuma usoni, mfuko wa aproni umejaa mipira, na ndani ya shavu kipande cha tangawizi alichokuwa akikitafuna tangu asubuhi. Kila baada ya muda aliinama, akachomoa brashi ya rangi, akafagia vumbi jekundu juu ya lile bamba jeupe tunaloliita homu. Upepo wa Voi ulilirudisha vumbi kabla hajanyoosha mgongo. Akainama tena. Sijawahi kuona upepo ukimshinda mwanamke yule kwa ubishi.

Siku za kazi alikuwa na duka la dawa za mifugo nyuma ya soko la Voi. Jumamosi alikuwa mwamuzi wa wasichana wa shule za upili. Jina alikuwa nalo, lakini lilikuwa limelala ndani ya kitambulisho. Wafugaji kutoka Ndara walimwita Ampaya wakija kununua dawa ya kupe, pasta alimwita Ampaya akimsimamisha kuomba, na mumewe, mtu mpole aliyeendesha lori la masafa marefu, alikuwa akipiga simu ya duka na kusema, "Hebu nipe Ampaya."

Siku moja nilikuwa pale dukani na mama, tumekwenda kutafuta dawa ya kuku, mzee mmoja wa Ndara akaagiza dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ampaya akaiweka chupa juu ya kaunta, lakini mkono wake ukabaki juu ya kifuniko.

"Unachanganya na nini?"

"Na mkono. Na nini tena?"

"Glavu uko nazo?"

"Mama, mimi nimeogesha ng'ombe kabla wewe hujafungua hii duka."

Akairudisha chupa kwenye rafu. Mzee akadhani ni mzaha, akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akatoka kwa hasira, akaingia duka la jirani, na tukamwona anatoka na chupa ya dawa ileile chini ya kwapa.

"Umepoteza mteja," mama alimwambia.

"Aende. Akipofuka asije kunitafuta kwa kupapasa."

Ampaya huyohuyo, duka likifungwa, alipanda bodaboda kichwa wazi, kitambaa kinapepea. Ukimwuliza kuhusu helmeti alikuambia hizo zimevaliwa na Voi nzima, atashikwa na chawa kabla hajaanguka. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na chai yake ilikuwa tamu kama sharubati. Ukikitazama kikombe kwa muda mrefu alikuuliza tangu lini umekuwa daktari. Alitetea miili ya watu wengine kama simba jike, wake akaufanyia masihara. Mimi nilikaa miaka nikijaribu kuyaelewa hayo mawili pamoja, kisha nikaacha. Watu hawalazimiki kulingana.

Wala hakuwahi kukubali kwamba alikosea uamuzi. Nilipokuwa kidato cha kwanza alinitoa homu, akasema mpira umenitangulia kufika, na mimi nilijua nimefika. Mguu wangu ulikuwa juu ya bamba na mpira bado uko hewani. Nililia. Muda mrefu baadaye, nikiwa nimekua, nilimkumbusha. Akafikiri kidogo.

"Ulikuwa umefika," alisema.

"Sasa mbona ulinitoa?"

"Nilikuwa nimeshasema."

Alikuwa na misemo yake, na karibu yote ilihusu mpira wenyewe. Mpira wa softboli ni wa njano, mkubwa kuliko chungwa, na kwa jina lake mtu angedhani ni laini. "Nani aliuita softi?" alikuwa akisema, akiugonga kwa kucha ili wageni wasikie. "Alete uso wake tujaribu." Mwingine aliupata kwa mumewe na malori yake: "Gari ikiharibika, hata injini utapata Mombasa. Uso hauna spea." Tuliusikia mara nyingi mpaka tukawa tunaumalizia sisi. Alisema hivyo kwa wadakaji wasiofunga kamba za barakoa vizuri. Wakati huo haikumjia, wala haikutujia, kwamba kuna nyuso nyingine pale uwanjani.

Ilimjia siku nilipopigwa mimi.

Shule zilikuwa zimefunguliwa baada ya korona. Nilikuwa kidato cha pili, mrushaji wa timu. Kwa asiyeujua mchezo, mrushaji husimama katikati, uso kwa uso na mpigaji mwenye gongo, karibu kiasi cha kuliona jasho juu ya mdomo wake. Unarusha kwa chini, mkono ukizunguka kama gurudumu, na ukishauachia mpira mwili wako wote umeegemea mbele. Mikono iko chini. Uso ndio umetangulia. Tulikuwa tunacheza na shule moja ya upande wa Mbololo. Nilirusha, nikasikia gongo likilia. Watu huniuliza mpira ulikujaje. Haukuja. Ulikuwa kule, kisha ulikuwa ndani ya uso wangu.

Kitu cha kwanza nilichokiona, kwa jicho lililobaki wazi, ni Ampaya amepiga magoti, barakoa kaisukuma juu ya kichwa, ananizibia jua kwa mwili wake. Alikuwa amenikingia kiganja chini ya kidevu.

"Tema. Usimeze, Wakio. Tema hapa."

Nikatema mkononi mwake. Hakukunja uso.

Mfupa wa shavu ulikuwa umevunjika, na taya likafungwa kwa waya. Nilikaa hospitali nikinywa uji kwa mrija, jicho la kushoto limefumba kama la kifaranga. Wasichana wa timu walikuja wakalia, kocha wetu akaja akaomba. Ampaya alikuja mchana, na chupa ya uji aliyoupika mwenyewe. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mama huuza nguo za mitumba za watoto, ni mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa ameyakusanya yote.

"Wewe Ampaya, hiyo siku ulikuwa umevaa nini kwa uso?"

"Maski."

"Ya chuma?"

"Ya chuma."

"Wewe mtu mzima unasimama nyuma ya mtu mwingine, na umevaa chuma. Mtoto wangu amesimama huko mbele peke yake, uso mtupu kama amekuja kupigwa picha. Hebu nieleze, maana mimi hiyo michezo sikusoma."

Nilingoja jibu. Ampaya alikuwa na jibu la kila kitu. Nilishamwona akimjibu pasta katikati ya mahubiri. Alinishikia mrija, akautazama uji ukipanda mpaka ukaisha. Alipoinuka alisema, "Umesema kweli, Mama Wakio." Akatoka. Alikuwa amesahau mkoba. Akarudi kuuchukua bila kututazama.

Mechi iliyofuata nilisimuliwa na Mghoi, mdakaji wetu, aliyekuwa amechuchumaa miguuni pa Ampaya na kusikia kila neno. Timu zilijipanga. Mrushaji aliyechukua nafasi yangu, msichana mdogo wa kidato cha kwanza, akaushika mpira, na wote wakangoja neno. Neno halikuja. Ampaya alikuwa amesimama tu, mikono kwenye aproni. Wazazi wakaanza kunong'ona. Kocha wetu akauliza kuna shida gani.

"Huyo mtoto uso wake uko wazi."

Katibu wa michezo akaja mbio. Alikuwa mwalimu mrefu, mwenye adabu, aliyetembea na kitabu cha kanuni chini ya kwapa kama wengine wanavyotembea na Biblia. "Ampaya, kanuni inataja mdakaji na ampaya. Mrushaji haimtaji."

"Kanuni iliandikwa na mtu. Mimi pia ni mtu."

"Tafadhali. Watu wanangoja."

"Wakati wa korona nchi nzima ilifunika pua kwa sababu ya kitu hakionekani. Huu mpira unaonekana. Uko na rangi ya njano. Na bado unaniuliza sababu?"

"Hatuna hizo maski za warushaji. Nitazitoa wapi saa hii?"

Hapo ndipo alipoivua ya kwake. Akamwendea yule msichana katikati ya uwanja, akamvisha, akamkaza kamba nyuma ya kichwa, akamwambia asijali harufu ya tangawizi. Kisha akarudi nyuma ya mdakaji, uso wazi, na hapo ndipo aliposema "Play!"

Aliamua mechi nzima hivyo. Mpira mmoja ulikwaruza gongo, ukamgonga begani, akauokota na kuurudisha. Wazazi walisema ni jasiri. Mghoi, ambaye kisogo chake kilikuwa karibu na magoti ya Ampaya, aliniambia kitu kingine. "Alikuwa anaogopa, Wakio. Kila mpira ukikuja namsikia anameza mate. Lakini hasogei."

Jumamosi iliyofuata alifanya vilevile, na iliyofuata tena, mpaka wakamwondoa kwenye zamu. Hawakumgombeza. Walimwambia apumzike kidogo. Akawauliza kama wamemwona akilala.

Alipokosa uwanja, ndipo tulipomjua vizuri, maana sasa alikuwa na Jumamosi zake zote za kutusumbua. Alimshika fundi wa kuchomelea aliyekuwa na kibanda upande wa stesheni ya zamani, akamwekea mezani barakoa yake kama mfano, akamwambia anataka ndogo, nyepesi, na mtoto aone chini na pembeni. Ya kwanza ilikuwa nzito. Nilipoivaa kichwa kilianguka mbele kama cha mtu anayesinzia kanisani. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini chuma kimoja kilipita katikati ya jicho. Fundi alikuwa mvumilivu kuliko wengi. Ya tatu tukaiwekea ndani sponji ya godoro kuukuu, na ikanikaa.

Ampaya hakuridhika. Alinipeleka nyuma ya duka lake, akaivaa mwenyewe, ikambana masikio, akasimama mgongo ukutani.

"Rusha."

Nilikuwa sijarusha mpira tangu nivunjike. Waya ulikuwa umetolewa, shavu lilikuwa limebonyea kidogo, na kila nilipoushika mpira niliurudisha chini.

"Siwezi, Ampaya."

"Hauwezi ama hautaki?"

"Naogopa."

"Hata mimi. Rusha."

Nikarusha. Akaudaka kwa mkono mmoja, akasema huo ni mpira wa kumsalimia mtoto mchanga, nirushe kama namchukia. Nilimtazama. Nilikumbuka homu ya kidato cha kwanza. Nikazungusha mkono, nikaachia. Mpira uligonga chuma katikati, mlio ukawa kama sufuria imeanguka, kuku wa jirani wakatawanyika. Ampaya alibaki ameegemea ukuta. Nikamkimbilia.

"Nimeona nyota," alisema hatimaye, akijipapasa. "Lakini pua iko."

Akaivua, akaigeuza, akakuta kiungo kimoja kimeachia. Jioni hiyohiyo akairudisha kwa fundi. Baadaye nikapata kujua kwamba alifanya hivyo kwa kila moja, na waliokuwa wakirusha walikuwa wasichana tofauti, na kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake.

Tulipoanza kuzivaa mazoezini tulichekwa. Wavulana wa shule ya jirani waliketi juu ya ukuta. "Cheki hao wako jela!" "Leo kuku wako ndani ya tenga!" Joto la Voi mnalijua, na chuma kinashika joto. Mashavu yaliwasha, jasho liliingia machoni. Mghoi, ambaye amevaa barakoa tangu aanze mchezo, alituambia tumekawia kuteseka. Sisi wengine tulikwenda dukani kwa Ampaya kulalamika kwamba tunachekwa.

"Wacha wacheke," alisema. "Meno yao bado yako yote."

Kulikuwa na mtu mmoja aliyemuunga mkono kwa sauti kubwa, na ndiye aliyemkasirisha zaidi. Mzee wa bodi ya shule, mtu mwema, alisimama kwenye kikao cha wazazi akasema Ampaya ana haki, ni lazima tuwakinge hawa wasichana, kwa sababu msichana akiharibika uso, nani atamuoa? Wazazi wakaitikia. Mama yangu akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, na shavu langu, nikahisi watu wanavyojitahidi kutoligeukia.

Ampaya akasimama bila kupewa nafasi. "Mzee, nashukuru. Lakini hiyo sababu sikuitaka, uichukue urudi nayo. Huyu mtoto anataka shavu la kutafunia mahindi. Anataka jicho la kuona lori likikuja. Mambo ya bwana ni yake, akitaka. Ama wale hawataki kuolewa tuwaache wavunjike?"

Mzee aliketi.  Nikitoka nje mama alinishika mkono, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu nikiwa mdogo, akaniambia naweza kurudi kucheza. Ila siku nitakayoingia uwanjani bila chuma usoni, nisirudi nyumbani na hiyo jezi.

Kwa hiyo nilirudi, na mechi kubwa iliyofuata ilikuwa fainali ya kaunti, hapo Voi, dhidi ya wasichana wa kutoka Taveta. Sisi tulikuwa na barakoa sita za fundi. Wao hawakuwa na hata moja. Mwamuzi alikuwa kijana mmoja mgeni. Ampaya alisimama nje ya uzio wa waya, kando ya kiti cha plastiki alicholetewa na ambacho hakukikalia.

Katibu wa michezo alitukagua kabla ya mechi kuanza, kitabu chini ya kwapa. Akasema, kwa upole, kwamba vyuma vile havijaidhinishwa. Vinaweza kumkata mchezaji mwingine. Kwenye mazoezi sawa, lakini hii ni fainali.

"Vueni tuanze," alisema. "Ama mtakuwa mmewapa Taveta ushindi."

Kocha wetu alitutazama. Nilijua anachotaka, alikuwa hajawahi kufika fainali. Wasichana walinitazama mimi. Nami nikatazama uzio, nikitegemea ile sauti iliyowageuza wanawake wa pojo. Ampaya alikuwa akinitazama. Alikuwa ameshika waya kwa vidole vyote na kinywa amekifunga. Nikaelewa kwamba hataisema kwa niaba yangu.

"Sivui," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Nikairudia. "Mwalimu, mimi sivui. Niliwahi kucheza bila."

Mghoi akaketi chini pale homu, na vifaa vyake vyote vya udakaji. Msichana wa besi ya kwanza, ile kona ya kwanza ya kukimbilia, akaketi. Kisha wote tukawa tumeketi kwenye vumbi, na umati ukaanza kupiga kelele, wengine wakitushangilia, wengine wakituambia tusipoteze muda wa watu.

Ndipo kapteni wa Taveta alipotoka upande wao. Alikuwa msichana mnene, mwenye nywele fupi, anatembea kama mtu aliyezoea kubeba magunia. Akasimama mbele yangu, akanitazama shavu waziwazi, bila aibu. Nilimpenda kwa hilo.

"Ni wewe uligongwa?"

"Ni mimi."

"Mko nazo ngapi?"

"Sita."

Akahesabu kwa macho. "Zinatosha walio karibu na gongo. Mkitoka kwenda kupiga mnatuachia. Nasi tukitoka tunawaachia. Sawa?"

"Sawa."

Akamgeukia katibu wa michezo. "Mwalimu, hata sisi hatuchezi bila hizo."

Yule maskini alikifungua kitabu, akakifunga. "Sasa nyote mmekataa," alisema. "Ushindi nimpe nani?" Nafikiri hakuwa anamwuliza mtu yeyote. Alikwenda pembeni akapiga simu, akatembeatembea, akarudi, akamwambia yule mwamuzi kijana, "Anzisha."

Basi tukacheza hivyo. Kila tulipobadilishana, wao wakiingia sisi tukitoka, tulikutana katikati, tukavua, tukawavisha. Sponji zilikuwa zimelowa jasho la watu wawili. Yule mrushaji wao alikuwa na kichwa kikubwa kuliko changu, na kila mara nililegeza kamba kabla ya kumpa, naye akaikaza kabla ya kunirudishia. Hatukuongea. Sijui jina lake hadi leo. Mwanzoni mipira yangu ilienda popote. Baadaye ikatulia. Nilirusha vizuri, nasema mwenyewe.

Tulishindwa. Taveta walikuwa bora.

Na hakuna mpira hata mmoja uliogonga barakoa siku ile, si zamu yetu wala zamu yao. Katibu wa michezo aliliona hilo. Mechi ilipoisha alikwenda mpaka kwenye uzio na kumwambia Ampaya, bila ubaya, kama mtu anayetaka wapatane, "Umeona? Vurugu yote hii, na hakuna aliyegongwa."

"Na leo haikunyesha," Ampaya alisema. "Enda ubomoe paa yako."

Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba warushaji na wachezaji wa karibu wavae kinga usoni. Aliyetangaza hakumtaja mtu. Wakamwita Ampaya arudi. Mimi nilikuwa dukani katibu alipokuja mwenyewe kumwomba. Ampaya alimpimia dawa ya minyoo ya mbuzi wake kwanza, kisha akamwuliza, "Nikiona kitu kingine, nitaambiwa ninyamaze?"

"Hata ukiambiwa, utanyamaza?"

"Hapana."

"Basi njoo Jumamosi."

Akarudi. Aliendelea mpaka macho yalipoanza kumsaliti. Siku aliyoshindwa kusema kama mpira ulipita ndani au nje, alisimamisha mchezo, akavua aproni, akamkabidhi mwamuzi wa pili mbele ya watu wote, akaenda kutafuta bodaboda. Hakutaka keki wala hotuba. Duka alimwachia binti yake, akapanda milimani Wusi, kwenye shamba la mumewe, kulima maharagwe na kuwasumbua watu wa huko.

Muhula huu nimepelekwa Wusi kwa mazoezi ya ualimu, katika shule ya vijana wadogo wanaoanza sekondari. Nimeanzisha timu. Uwanja wetu uko juu ya mteremko. Mpira ukipigwa sana unaingia kwenye kabichi za watu. Wasichana wangu wana barakoa za kununua, za plastiki ngumu, nyepesi, zenye rangi, na wanazivaa bila kufikiri kama wanavyovaa soksi. Wavulana hawawacheki. Hawajui kwamba kuna cha kucheka.

Wiki iliyopita tulialika timu ya kutoka bondeni. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kilima, nasi tulitaka kumaliza kabla haujashuka. Nikamwona Ampaya anakuja polepole kando ya matuta, fimbo mkononi, sweta mbili, jicho moja limekuwa na utando mweupe. Nilimkimbilia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba pale shavu lilipobonyea, kama mtu anayekagua embe.

"Inauma?"

"Baridi ikizidi."

Nikamletea barakoa moja aiangalie. Aliigonga kwa kucha, akaipinda, akaiangalia kwa jicho zima kwenye mwanga. "Ni nyepesi," alisema. Nilingoja aongeze neno. Nilitaka aongeze neno. Lakini alikuwa ameshageuka, anatazama upande wa besi ya tatu, ambako watoto wa shule ya msingi walikuwa wamekaa kwenye nyasi karibu kabisa na mstari, wanatafuna miwa.

"Na hao?"

"Hao wanatazama tu, Ampaya."

"Mpira unajua wanatazama tu?"

"Hatuna neti. Na kusema kweli hakuna kanuni ya watazamaji."

Akanigeukia. Tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu alikuwa akiniita Wakio, kwa hasira au kwa upendo, ni Wakio tu.

"Aa," alisema. "Kumbe umekuwa mkubwa, Mwalimu."

Akaniachia barakoa mkononi, akashuka kwa fimbo yake hadi kwa wale watoto. Akasimama mbele yao, mgongo kwao, uso kwa mpigaji, miguu kaipanua. Mpira ulikuwa tayari mkononi mwa mrushaji wangu. Mwamuzi, msichana aliyemaliza shule juzi na ambaye hakumjua yule bibi ni nani, alinitazama akingoja ishara.

"Mwalimu, nianzishe?"

Ukungu ulikuwa umefika kwenye kabichi za juu.

"Bado," nikasema.

Nikavuka uwanja, nikaanza kuwainua mmoja mmoja, nikiwapeleka nyuma ya ukuta wa darasa. Walikwenda wakinung'unika, wakiburuta miwa. Wa mwisho, msichana mdogo asiye na meno ya mbele, alikataa kabisa kuinuka. Alisema hapo ndipo anapoona vizuri.

"Mbebe," Ampaya alisema bila kugeuka.

Nikambeba, na muwa wake.